Pensheni ya Mama ndiyo inayomlisha mdogo wangu

Mdogo wangu ana miaka 31. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri huchukua fagio akaenda kufagia mbele ya msikiti wa mtaani kwetu, hapa Ng'ambo mjini Zanzibar, kisha hupitia dukani kununua mikate. Pesa hajui kuhesabu. Mwenye duka huchukua anachodai, chenji akaifunga kwenye kikaratasi na kumtia mfukoni. Mikate ikichelewa humwambia akae barazani angojee. Akishika njia isiyokuwa ya nyumbani, yuko mama muuza mandazi pale pembeni atakayemwita kwa jina na kumgeuza. Hawa wote hawakuagizwa na mtu. Wamemzoea tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni.

Nimeanza na hao kwa sababu kila yanapotajwa mahitaji ya watu wenye ulemavu wa akili, fikra za wengi hukimbilia kwenye jengo. Watu huona kituo chenye geti, vitanda na mlinzi. Mdogo wangu hahitaji geti. Huduma inayomfaa ndiyo hii anayoipata kati ya msikiti na duka, na ninachokililia mimi ni kwamba, pamoja na majirani hao, riziki na utunzaji wake vimeegemea uhai wa mtu mmoja, naye ni Mama.

Mama ana miaka 73. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar huwalipa pensheni jamii wazee waliotimiza miaka 70, bila kuuliza nani alikuwa mtumishi na nani alikuwa mkulima. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Ni jambo la kujivunia kabisa, na mimi najivunia. Lakini pesa ile ilikusudiwa bibi kizee apumzike, na kwetu inanunua mchele, sabuni na nguo za kijana wa miaka 31. Siku Mama atakapoondoka itasita, na pamoja nayo atakuwa ameondoka mtu pekee anayejua kuwa mdogo wangu akinyamaza kutwa nzima basi jino linamuuma.

"Nikifa mimi, huyu atabaki na nani?" Kaa na mama yeyote mwenye mtoto kama huyu, neno hili litamtoka kabla chai haijapoa.

Wazazi ndio walioanza kuwapigania watoto hawa, na hili lisisahauliwe. Mwaka 1999 iliundwa ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili hapa Zanzibar, ikashirikiana na wenzao wa NFU, jumuiya kama hiyo ya Norwei. Wamehangaika Unguja na Pemba hadi watoto waliokuwa wakifichwa ndani wakaingia kwenye skuli za kawaida, wakakaa dawati moja na wenzao. Hao Wanorwei walikuwa na majumba makubwa ya kuwatenga watu hawa, na kuanzia mwaka 1991 wakayafunga na kuzikabidhi serikali zao za mitaa kazi ya kuwahudumia huko huko wanakoishi. Sisi majumba hayo hatukuyajenga. Kwa hiyo nikisikia mtu anapendekeza leo tujenge, moyo huniuma.

Lakini skuli ina mwisho. Mdogo wangu alipotoka darasani hakukuwa na pa kumpeleka. Mafunzo ya amali yaliyokuwepo yalimtaka asome maelekezo, na kusoma hakusomi. Akarudi kukaa barazani. Nadhani tumefanya kosa la kuuona ulemavu wa akili kama jambo la watoto. Picha za mabango zote ni za watoto wanaotabasamu. Hao watoto wanaota ndevu. Wanapata hamu ya kuoa na kuwa na pesa zao mkononi. Nilimsindikiza ofisi moja kufuatilia karatasi zake, yule mtumishi akaniuliza mimi, "Anaelewa huyu?" na yeye kasimama pale pale. Alielewa. Njia nzima ya kurudi hakunishika mkono.

Kwa mabinti ni kuzito zaidi. Husemwa kwamba wazee huwafungia ndani kwa kuona aibu. Wako wa namna hiyo. Wengi ninaowajua mimi wanafunga mlango kwa hofu ya udhalilishaji, kwa sababu msichana asiyeweza kueleza alichofanyiwa ndiye anayeviziwa, na kesi ikifika mbele ushahidi wake hutiliwa shaka. Jirani yetu mmoja hutoka kwenda sokoni na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kanga. Simlaumu. Ila binti yule ana miaka 24 na mtaa haumjui, na mtaa usiokujua hauwezi kukulinda. Mdogo wangu analindwa kwa kuwa watu mia wanajua sura yake na saa zake za kupita.

Sheria za watu wenye ulemavu tunazo. Tulikuwa na ya mwaka 2006, ikaja nyingine 2022. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 19 kinasema wazi kuwa watu hawa wana haki ya kuishi ndani ya jamii na kupata msaada unaowawezesha kuishi humo. Msaada huo maana yake ni mtu, na mtu analipwa.

Nataka kila shehia, yaani kila eneo lenye sheha wake, iwe na msaidizi wake, mwenyeji wa hapo hapo, aliyefundishwa na anayelipwa, mwenye kuwajua vijana hawa majina na nyumba zao. Njia tunayo tayari. Wahudumu wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii hapa Zanzibar, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao, wanauliza habari za wajawazito na watoto wachanga. Swali moja la kuongeza haliwashindi: humu ndani yupo mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, na anayemtunza ana miaka mingapi? Na kama tumeweza kumlipa mzee kwa kuwa ni mzee tu, tumlipe na huyu kwa jina lake mwenyewe, ili riziki yake isizikwe pamoja na mama yake.

Jumapili iliyopita akina mama wanne walikuja barazani kwetu, na sheha, kiongozi wa shehia yetu, tukamwita. Akafungua daftari lake, lilikuwa na vijana wanne. Akina mama wakaanza kuhesabu kwa vidole, nyumba hadi nyumba, wakafika kumi na mmoja. Sheha akaomba kalamu. Alipofika kwa mdogo wangu akamuuliza Mama aandike nini zaidi ya jina na umri.

"Andika anafagia msikiti," Mama akamwambia. "Halafu andika, mwanangu, ukimwona kanyamaza mtazame meno."