Hapo Penye Weusi Palikuwa Pekundu

Wiki iliyopita nilitumiwa picha ya Fokker Dr.I, ndege vita ya Wajerumani yenye mabawa matatu, iliyopakwa rangi kwa akili mnemba. Anga ya samawati, majani mabichi, na ndege yenyewe kahawia iliyokolea. Chini yake imeandikwa: ndege ya Manfred von Richthofen. Huyo ndiye Baroni Mwekundu, rubani mashuhuri wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na ndege aliyofia ilikuwa nyekundu karibu kotekote. Iliniuma.

Kosa hilo lina chanzo chake. Picha nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zilipigwa kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa isiyohisi rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, njano ikatoka kijivu kizito, na buluu ikapauka. Ndiyo maana anga katika picha hizo huwa tupu kama karatasi. Tazama nembo ya duara kwenye mabawa ya Waingereza: buluu nje, nyekundu katikati, lakini pichani kiini ndicho cheusi na pete ya nje imefifia. Wafaransa waliziweka kinyume, kwa hiyo kwao pete ya nje ndiyo nyeusi. Jicho lililozoea hulijua hilo. Programu hukisia, kisha hukupa makisio yake kana kwamba ilikuwepo.

Mchukue Werner Voss, rubani mwingine wa Kijerumani. Aliuawa tarehe 23 Septemba 1917 akiwa ndani ya Fokker F.I 103/17, toleo la awali la Dr.I, baada ya kupambana peke yake na marubani wa Kikosi cha 56 cha Uingereza. Mbele, kwenye kifuniko cha injini, palichorwa uso wenye macho na masharubu. Kifuniko kile kilikuwa cha njano au cha kijani? Watafiti wamebishana miaka na miaka, wakipima kivuli kwa kivuli. Anayekipaka njano leo na kusambaza bila neno lolote anawafutia wengine swali lenyewe.

Na tunacho nini kingine cha kutazama? Dr.I zilitengenezwa takriban 320, na hakuna hata moja ya asili iliyobaki nzima. Iliyokuwa ikionyeshwa Berlin iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Ya Richthofen, iliyoanguka tarehe 21 Aprili 1918, askari waliichanachana kujipatia kumbukumbu.

Najua, picha hizi ni mali ya umma. Mkusanyiko wa picha za habari wa Bain katika Maktaba ya Bunge la Marekani uko wazi kwa yeyote, na nimeshinda humo usiku mwingi kwa furaha. Simzuii mtu kupaka rangi. Anayesoma kumbukumbu za vikosi kabla ya kugusa brashi namheshimu sana. Ninachoomba ni kwamba picha ya asili iwekwe kando ya iliyopakwa, na iandikwe wazi kwamba rangi ni makisio.

Aliyenitumia ile Fokker nimemrudishia ya asili, nikamwandikia: hapo penye weusi palikuwa pekundu.