Tisheti za kikoba na ile asilimia 12.5

Mama mdogo wangu ni mwenyekiti wa kikoba huko Mbagala, jina la kikoba silitaji maana bado nataka kuendelea kula pilau kwake. Walipofika siku ya kuvunja mzunguko, yaani kugawana hisa na faida, wakakubaliana wavae sare, tisheti za njano, na mama mdogo akasema kifuani anataka tegi. Mnazijua tegi, zile picha za kupambwa zenye sura yako katikati, jina kwa maandishi ya kujikunja, maua pembeni, vimetameta na kivuli kwa nyuma, wamama wanatumiana kwenye magrupu kila Ijumaa asubuhi mpaka simu inajaa.

Mi natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ipo toka 1996, haina makuu. Mwenye makuu ni laptop yangu, ukifungua leya nyingi, yaani zile tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, feni inanguruma kama lori linapanda Kitonga.

Tegi ya kwanza ilikuwa ya WhatsApp tu, pikseli 600 kwa 600, nikamaliza fasta. Ndo ananiambia hiyohiyo ipelekwe kwenye tisheti. Nikamwambia mama mdogo, huyo fundi wa kuprinti anataka pikseli 300 kwa kila inchi, hii ikitoka itakuwa inchi mbili, labda tuibandike kwenye kola. Akasema yeye hakuchaguliwa mwenyekiti wa kola. Basi nikaanza upya, 3600 kwa 3600, inchi 12, kifua kizima, na yeye kakaa pembeni yangu na kiti chake anatoa maagizo: weka waridi hapa, na huku, mbona hili limelala, kivuli kizidi, hapana kipungue, na hicho kidevu cha pili ondoa, hicho si changu, kimeletwa na mwanga wa kamera. Sawa. Kidevu nikakifanyia kazi kwenye leya yake peke yake na nikaipa jina "punguza kidevu" ili nisipotee, maana leya zilishakuwa nyingi kuliko wanachama.

Bando likakata. Nikatoka kidogo dukani kununua vocha na huku nyuma fundi wa Kariakoo akapiga kwamba mwisho saa sita, mashine ina foleni. Mama mdogo hakuhangaika na mtu, akachukua simu, akapiga picha skrini ya laptop, akatuma. Narudi ananiambia kwa furaha, "Nishamtumia fundi, baba, we kula tu." Nikaacha chakula, nikatoa picha safi ya PNG, nikaituma kama dokumenti ili WhatsApp isiiminye, nikaona tiki mbili, nikapumua. Kumbe fundi alipokea zote mbili na akaprinti ya kwanza.

Tisheti zikafunguliwa ukumbini, wanachama wote wameshakaa. Kwanza zile drafti za kijivu ambazo GIMP inaonyesha mahali pasipo na picha, zimezunguka kichwa cha mwenyekiti kizima. Mistari ya rangi za upinde wa mvua imepita usoni, ile inayotokea ukipiga picha skrini kwa simu. Mshale wa mausi umetua kwenye tundu la pua. Na chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka hata ukiwa mlangoni, ule mstari wa chini wa programu: px 12.5% punguza kidevu (214.6 MB).

Nikampigia fundi, ananijibu kwa upole kabisa, "Kaka, kazi ya mteja mi siigusi, nilijua ndo kaulimbiu yenu."

Sasa kile kikoba riba yao ni asilimia 10. Mama mmoja mwenye mkopo akasimama na tisheti mkononi, "Mwenyekiti, riba imepanda lini na kikao gani?" Kabla hajajibiwa upande wa wenye hisa nyingi wakadakia, hiyo si riba, hiyo ni faida ya mwaka, na leo hawatoki humo bila kumi na mbili na nusu yao. Kelele zikaanza. Katibu, mwalimu mstaafu, mtu wa kusoma kila kitu mpaka mwisho, akavaa miwani akasema tulieni, MB hapa ni Mfuko wa Benki, kwa hiyo tuna milioni 214.6 benki ambazo hatujawahi kusomewa. Aisee! Wale wamama watatu wanaoshika funguo za sanduku wakaanza kutazamana. Mweka hazina akaomba maji. Mtu akauliza, "Na punguza kidevu je?" na ukumbi mzima ukageuka kuangalia kidevu cha mwenyekiti laivu.

Nikaitwa mbele na laptop yangu, mimi kijana wa watu niliyekuja kula. Nikafungua faili, nikawaambia shikamooni mama zangu, hii namba haihusiani na hela, ni programu inasema picha ni kubwa mno haienei kwenye skrini, kwa hiyo tunaiona ikiwa imepunguzwa, asilimia 12.5 tu ya ukubwa wake. Nikaona wengine wanatikisa kichwa kuelewa. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniangalia sana halafu akauliza, "Kwa hiyo hiyo themanini na saba na nusu iliyobaki kaificha nani?"

Makofi. Vigelegele. Wakataka waione yote, mia kwa mia, hapohapo, na kulikuwa na projekta. Nikamwangalia mama mdogo, akatikisa kichwa niache, lakini wamama walishaanza kugonga meza, nikabonyeza 100%. Ukuta mzima ukawa kidevu. Na leya ya kupunguza, katika kuhangaika kwangu na mausi, ikawa imezimika.

Mama mdogo akaruka kutoka meza kuu, "We mtoto! Rudisha kumi na mbili na nusu sasa hivi!"

Katibu akaandika kwenye muhtasari. Wenye mikopo wakasimama tena.