Panzi Hawa Wawili Hawapigani

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kwa hesabu hiyo, sisi wanunuzi wa simu tungekuwa kunguru wanene kweli kweli. iOS, mfumo wa simu za iPhone za Apple, na Android, mfumo wa Google unaotumiwa na Samsung na wengine, wamekuwa wakizozana tangu 2008, mashabiki wao wanatukanana mitandaoni kila simu mpya ikitoka, na kila upande unadai umeushinda mwingine. Lakini shibe yetu iko wapi? iPhone 7 ilianzia dola 649 mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikaja iPhone X kwa dola 999, watu wakashika vichwa. Mpinzani, badala ya kuchangamkia nafasi hiyo kwa kuuza rahisi, akapita palepale: mwaka 2020 Samsung walitoa Galaxy S20 Ultra kwa dola 1,399.

Ninavyoona mimi, kambi hizi mbili hazijawahi kushindana kwa bei. Zinashindania jambo jingine kabisa, nalo ni kukufanya usihame.

Kuna atakayenijibu kwamba iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ilianzia dola 999 zilezile, na dola ya 2023 haina uzito wa dola ya 2017. Ni kweli, hilo nawapa. Ila tazama kilichotokea pembeni mwaka huohuo. Ile kubwa yake, Pro Max, iliondolewa toleo la GB 128, ikabaki inaanzia GB 256 kwa dola 1,199, ilhali iliyotangulia ilianzia 1,099. Bei ya GB 256 yenyewe haikupanda, bali ngazi ya chini ndiyo iliyoondolewa. Ujanja wa namna hii unahitaji mnunuzi ambaye hana pa kwenda.

Haikuwa hivyo mwanzoni. iPhone ya kwanza ilipotoka Juni 2007 iliuzwa dola 499 na 599, na bado ulitakiwa kufunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mtandao ya AT&T. Haikupita hata miezi mitatu, ile ya GB 8 ikashushwa kutoka 599 hadi 399. Waliowahi kununua walikuja juu, hadi mkuu wa Apple, Steve Jobs mwenyewe, akawaandikia barua na kuwapa vocha ya dola 100. Kampuni inashusha bei kwa theluthi nzima pale tu inapokuwa bado haijui kama itakubalika. Wakati ule Nokia na BlackBerry walikuwa wameketi juu ya soko, na Microsoft nao walikuwa na mfumo wao. Mwaka 2008 iPhone 3G ikatoka kwa dola 199, na simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1, kwa dola 179. Zote mbili kwa mkataba.

Bei hizo zilikuwa za kuzugia. Kampuni ya mtandao ililipa sehemu kubwa ya gharama, kisha ikaidai kidogo kidogo kupitia bili yako ya kila mwezi. Na hapo ndipo tulipojifunza tabia ya kubadilisha simu kila baada ya miaka miwili. Ndani ya simu hakuna kifaa kinachokufa kwa sababu miezi 24 imetimia. Kilichokufa ni mkataba. T-Mobile ya Marekani ilipoanza kutenganisha bei ya simu na bei ya huduma mwaka 2013, na wengine wakafuata, watu waliona kwa mara ya kwanza simu yao inagharimu kiasi gani hasa. Wengi wakaamua kwamba ile waliyo nayo bado inafaa.

Sehemu inayonisisimua kuliko zote katika historia hii ni ya betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Sababu ya kiufundi ilikuwa ya kweli, kwani betri kuukuu haiwezi kutoa umeme wa kutosha pale prosesa inapouhitaji kwa mkupuo. Kosa lao lilikuwa kunyamaza. Mtu aliona simu yake inaburuza, akadhani imezeeka, akaenda kununua nyingine. Baada ya kelele, Apple wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Januari 2019 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, aliwaandikia wawekezaji kuwaambia kwamba mapato ya robo ya mwisho ya 2018 yangekuwa takriban dola bilioni 84, na si kati ya 89 na 93 walizokuwa wametarajia. Lawama kubwa aliitupia China. Lakini miongoni mwa sababu alizotaja, ilikuwamo hiyo: watu wamebadilisha betri kwa bei nafuu badala ya kununua simu mpya.

Hebu isome tena. Betri ya dola 29 imeingia katika barua ya kueleza pengo la mabilioni. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angehitaji kwamba simu nyingi zinazotupwa droo zilihitaji betri tu. Miezi miwili kabla ya barua hiyo, Apple walikuwa wametangaza kwamba hawatachapisha tena idadi ya iPhone wanazouza. Ukiuza chache kwa bei kubwa zaidi, idadi hukuumbua, na mapato hukusitiri.

Kwa nini basi Android isiwapokonye wateja hao waliochoka? Kwanza, wa tatu hayupo. Microsoft walinunua kitengo cha simu cha Nokia kwa zaidi ya dola bilioni 7, na mwaka 2015 wakakiri vitabuni hasara ya dola bilioni 7.6. Windows Phone ulikuwa mfumo mzuri, tena mwepesi kwenye simu za bei ya chini, lakini watengenezaji wa programu hawakuja, na wasipokuja wao, wanunuzi nao hawaji. BlackBerry walizima huduma za simu zao za zamani Januari 2022. Huawei peke yao ndio waliojenga mfumo mwingine wenye nguvu, HarmonyOS, na waliuingiza kwenye simu zao baada ya Marekani kuwabana mwaka 2019, si kwa sababu waliona nafasi sokoni.

Pili, hawa waliobaki wanahitajiana kuliko wanavyokiri jukwaani. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2022 Google waliwalipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wao uwe chaguo la kwanza ndani ya Safari, kivinjari cha Apple. Skrini nyingi za iPhone zinatengenezwa na Samsung. Apple na Google walikuwa wakikata asilimia 30 ya mauzo ya programu, na wote wawili mwaka 2021 wakawapunguzia watengenezaji wadogo hadi 15. Sisemi wamekula njama. Wakiwa wawili tu, hawana haja ya kukutana.

Nguvu wanazielekeza kwenye uzio. Barua pepe zilizotolewa katika kesi ya Epic, kampuni ya michezo ya kompyuta, dhidi ya Apple zilionyesha viongozi wa Apple wakijadili kama iMessage, huduma yao ya meseji, ipelekwe kwenye Android, na hoja ya kukataa ilikuwa wazi: ingewaondolea kikwazo wazazi wenye iPhone wanaotaka kuwanunulia watoto wao simu ya Android. Ilichukua hadi 2024, na iOS 18, ndipo Apple wakakubali RCS, mfumo wa meseji unaotumiwa na Android, na meseji kati ya kambi hizi mbili zikapata picha zinazoonekana vizuri.

Ushindani wa bei upo, lakini uko ndani ya Android yenyewe, watengenezaji kwa watengenezaji. OnePlus walipotoka mwaka 2014 na simu ya dola 299 yenye vifaa vya daraja la juu, waliwaumbua waliokuwa wakiuza mara mbili yake. Lei Jun, mwanzilishi wa Xiaomi, aliahidi mwaka 2018 kwamba faida yao kwenye vifaa haitazidi asilimia 5. Apple waliitazama vita hiyo kwa mbali, wakatupia iPhone SE ya dola 399 mwaka 2016 na tena 2020, kisha wakaondoka: mwaka 2025 nafasi yake ilichukuliwa na iPhone 16e ya dola 599. Hawakuihitaji. iPhone ya bei nafuu ni ile iliyotumika.

Hapa lazima niwasifu kidogo. iPhone iliyotumika ina thamani kwa sababu iliendelea kupata masasisho wakati Android ya umri uleule ilikuwa imetelekezwa. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipokea iOS 15 mwaka 2021, huku simu nyingi za Android zikiachwa baada ya miaka miwili. Pengo hilo ndilo lililowauma Google hadi wakaahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yao ya Pixel 8, Oktoba 2023, na Samsung wakafuata na Galaxy S24 miezi mitatu baadaye. Kwangu mimi huu ndio ushindani pekee wa kambi kwa kambi uliowahi kunifikia mfukoni. Galaxy S24 ilianzia dola 799. Igawe kwa miaka 7, ni kama dola 114 kwa mwaka. Simu ya dola 299 inayotelekezwa baada ya miaka miwili inakula karibu dola 150.

Kampuni za mitandao za Marekani zimeshalisoma hilo. Zinakupa punguzo kubwa ukiirudisha simu ya zamani, ila punguzo linalipwa kwa vipande kwenye bili kwa miezi hadi 36, na ukihama linakatika. Mkataba ule wa 2007 umerudi, tena umenenepa.

Umoja wa Ulaya umeamua kutosubiri ukarimu wa mtu. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko lake lazima zipate masasisho ya mfumo kwa miaka 5 tangu modeli hiyo ya simu iache kuuzwa, vipuri vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Kipengele cha betri ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu miaka 7 ya masasisho juu ya betri iliyokufa ni zawadi ya kejeli.

Ahadi ya Pixel 8 inaisha Oktoba 2030. Google na Samsung hawajawahi kuifikisha simu yao yoyote umri huo ikiwa bado inapewa matoleo mapya ya Android, na wala hawajatuambia itakuwa inaburuza kiasi gani. Makofi yangu nayaweka kwanza.