Tulimtoa Dereva Barabarani Sisi Wenyewe

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la marafiki wanane tuliokwenda Serengeti pamoja mwaka jana, mwenzetu mmoja aliirudisha ile video ya duma, kisha akaandika kwamba safari ya mwaka huu tutafute dereva "asiye na masharti mengi". Wengine wanne wakaunga mkono papo hapo. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, nikaiweka simu chini, na hasira iliyonipanda haijashuka mpaka leo.

Tulitoka Mwanza alfajiri, tukaingilia lango la Ndabaka, tukaupita ukanda wa magharibi tukisumbuliwa na mbung'o hadi Seronera. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, sote tukamwita mzee, na pale pale langoni alitueleza taratibu: hakuna kushuka mahali pasiporuhusiwa, hakuna kelele, na gari halitoki nje ya barabara. Siku ya pili tulimkuta duma jike na watoto wake wawili, mbali kidogo na barabara, naye ameinamisha kichwa akiwanyatia swala tomi waliokuwa wakila mbele yake. Mzee akazima injini, akatunong'oneza tusubiri.

Hatukusubiri. "Mzee, sogea kidogo tu, kwenye simu haonekani," akasema wa kwanza. "Wanangu, njia inaishia hapa," akajibu mzee. Wa pili akasema tumetoka mbali na tumelipa, wa tatu akasema wanyama hawa ni mali yetu Watanzania, na wa nne akakumbusha kwamba bakshishi hutolewa siku ya mwisho. Gari jingine lilipokata majani kwenda mbele, nalo tukaligeuza kuwa hoja. Mzee akawasha injini. Swala walitimka, duma akasimama, mtoto mmoja akakimbilia kushoto na mwingine akabaki nyuma ya gari letu. Video inaonyesha sekunde chache za uso wa duma, mzuri kweli kweli, lakini haionyeshi jinsi mama yule alivyozunguka kwa muda mrefu akiita kwa ile sauti yake nyembamba inayofanana na ya ndege. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na sikutamka neno lolote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wenzangu wanasema gari moja haliwezi kuharibu hifadhi ya kilomita za mraba 14,763. Ningekubali kama magari yangetawanyika katika eneo lote hilo, lakini hayatawanyiki: dereva mmoja akimwona duma, redio zinaita, na kwa muda mfupi kunakuwa na msururu. Duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo sisi tunatembea. Mbio zake za zaidi ya kilomita 90 kwa saa haziendi mbali, kwa hiyo ni lazima kwanza anyatie mpaka awe karibu sana, na mnyatio ukivurugwa hana namna nyingine ya kupata chakula isipokuwa kuanza upya kwa nguvu zilizopungua. Hata akikamata, hutweta kwanza kabla ya kula, na wakati mwingine fisi au simba humnyang'anya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, ambako ni nyika ile ile kwa upande wa Kenya, ulionyesha kwamba majike walioishi penye magari mengi ya watalii walifikisha umri wa kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzazi, ilhali wale wa maeneo yenye magari machache walifikisha watoto 2.3. Ninapoitazama video yetu, sioni tena uso wa duma. Naona hesabu hiyo.

Mtu mmoja akimwomba dereva avunje taratibu, atakataliwa mara moja na atanyamaza, kwa sababu aibu ni yake peke yake. Marafiki wanane hupokezana maneno, kila mmoja akisukuma kidogo, na mwisho wake hakuna anayejiona kuwa ndiye aliyeamua, ilhali faini ikitozwa, au dereva akizuiwa kuingia hifadhini, ni mtu mmoja tu atakayerudi nyumbani bila kazi. Tulimweka baba wa watu kati ya mkate wake na dhamiri yake, na leo tunataka mwingine ambaye hatatupa hata usumbufu wa kumbembeleza.

Nakiri kwamba fedha tulizochanga hazikuwa ndogo, ingawa kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na nakiri kwamba magari ya wageni kutoka ng'ambo hufanya hayo hayo. Muziki tuliofungulia karibu na tembo wenye ndama nao ulikuwa kosa, na chupa tulizozisahau kambini vilevile. Lakini neno "mali yetu" silikubali hata kidogo. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyamapori (wengi hulichanganya na Azimio la 1967), na alichoahidi ndani yake ni kwamba tutawatunza kama amana ya vizazi vijavyo. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuitumia kwa sababu tu imewekwa mikononi mwake.

Jana usiku niliandika kundini kwamba nitatoa mchango wangu kwa sharti moja: tumchukue tena mzee yule yule, tumwombe radhi kabla gari halijawashwa, na akisema tusubiri, tusubiri hata kama duma hataonekana kwenye simu ya mtu yeyote. Hadi ninapoandika haya, wawili wamekubali, na mmoja wao ameshampigia mzee simu kumwuliza kama ana nafasi mwezi Juni, nyumbu watakapokuwa ukanda wa magharibi.