Idara za kompyuta huku magharibi, wapeni wanafunzi data ya kwetu

KUCCPS, wale wa kupanga wanafunzi vyuoni hapa Kenya, ikitoa majina kila mwaka utasikia mzazi akisema kijana wake ameitwa sayansi ya kompyuta, na siku hizi kuna sayansi ya data na akili mnemba pia, kila chuo kinataka kuwa nazo. Mimi nafurahi sana. Lakini idara ya akili mnemba mimi siwezi kuipima kwa jina la kozi ama idadi ya mashine zilizo kwa lab, naipima kwa data ambayo wanafunzi wake wanaishika.

Angalia vile wengi wanaanza. Wanapewa faili ya maua ya iris, maua 150 yaliyopimwa urefu na upana, data iliyochapishwa 1936. Halafu wanapewa orodha ya abiria wa Titanic, meli iliyozama 1912, wabashiri nani alipona. Kwa kuanza ni sawa, ni data safi na dunia nzima inajifunzia hapo. Shida ni komradi wa chuo anaweza kumaliza miaka minne bila kuguza data chafu, ile yenye makosa na mapengo, hata siku moja, na projekti yake ya mwisho inakuwa ule mfumo wa kusimamia hospitali ama maktaba ambao kila mtu ameshafanya.

Na Ziwa Victoria si liko hapa? 2020 maji yalipanda yakafurusha watu manyumbani, Nzoia nayo ikivunja kingo Budalang'i inakuwa shida kila mara. Kuna gugu maji, kuna samaki wa vizimba, kuna miwa, na juu ya yote kuna lugha zetu.

Hapo kwa lugha lazima niwape Chuo Kikuu cha Maseno heko. Wao pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walitengeneza Kencorpus, mkusanyiko wa Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Luhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Ndani kuna maandishi ya maneno kama milioni 5.6 na rekodi za sauti masaa 177. Juzi tu Maseno tena wameongoza upande wa Kenya kwa mradi wa African Next Voices, wa kukusanya sauti za Dholuo, Kikuyu, Kalenjin, Kimaasai na Kisomali. Hii ndio idara ya kompyuta ninayoitaka, na inaonyesha si lazima uwe California ndio ufanye kitu cha maana.

Masaa 177 yanaonekana kidogo mpaka ukae chini na rekodi moja. Mama wa samaki anaongea Dholuo, katikati anaingiza Kiswahili, bei anaitaja kwa Kizungu, nyuma yake boda anapiga honi. Unasikiza sekunde tano, unasimamisha, unaandika, unarudisha tena kwa sababu neno moja halijashika, halafu uamue honi unaiandika ama unaiacha, na yale maneno ya Kiswahili unayahesabu ni ya lugha gani, na wenzako wote waliogawana hiyo kazi lazima waamue vilevile la sivyo mashine itajifunza fujo. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini simu yake haimsikii nyanya yake. Haihitaji mashine ya bei kali, laptopu ya kawaida na hedifoni zinatosha.

Na hii kazi vijana wa Kenya wanaijua, wamewafanyia wengine. Januari 2023 gazeti la TIME liliandika vile vijana Nairobi walikuwa wanasoma maandishi machafu na kuyawekea alama ili ChatGPT iwe salama, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Inaniuma kila nikiikumbuka. Mikono ni ile ile, subira ni ile ile, tofauti ni data inabaki ya nani.

Najua walekchara watasema kuna vibali, na ni kweli, sheria ya kulinda data ya 2019 ipo na huwezi kurekodi mtu sokoni kiholela. Basi wafundishwe hiyo pia, mwanafunzi ajue kuomba ruhusa kwa lugha ambayo mama anaelewa, na ajue kunyamaza akikataliwa. Pesa ndiyo ngumu zaidi, Kencorpus yenyewe ilisaidiwa na Lacuna Fund, mfuko wa kufadhili data. Lakini jumuiya ya kaunti za ziwa ina kaunti 14, kwa nini kaunti isilipie projekti ya vijana kumi wa Bondo au Kakamega wanaokusanya vipimo vya mto ambao unaifurikia kila msimu?

Kwa hivyo wakuu wa idara, kuanzia Njoro mpaka Bondo, kwa projekti za mwaka wa nne wekeni sharti moja: data iwe imekusanywa na mwanafunzi mwenyewe, ndani ya kaunti za huku, na ibaki chuoni ili wale wa mwaka unaofuata waendelee nayo.