Ng'ombe Hazeeki Maini, Lakini Bega Je?

Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, mjini Houston, walikutana makwotabeki wawili, yaani waongoza mashambulizi wa mpira wa Kimarekani, waliopishana miaka 16. Wenyeji, Houston Texans, walikuwa na C.J. Stroud, kijana wa miaka 22 katika msimu wake wa kwanza. Cleveland Browns walikuja na Joe Flacco, aliyebakiza siku tatu kutimiza miaka 39. Texans walishinda 45 kwa 14. Katika robo ya tatu Flacco alirusha pasi ikanaswa na mpinzani, akakimbia nayo yadi 82 hadi mwisho wa uwanja. Browns waliporudi na mpira akarusha nyingine, nayo ikanaswa na kuzaa pointi. Usiku ule Stroud akawa kwotabeki mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kushinda mechi ya mtoano katika historia ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo.

Ni rahisi kutoa hukumu hapohapo: mzee kachoka, zama ni za vijana. Nami nilikaribia kuikubali, mpaka nilipokumbuka tarehe 24 Desemba 2023. Siku 20 kabla ya kipigo kile, Flacco yuleyule alikuja kwenye uwanja uleule, akacheza na Texans walewale, akarusha pasi za jumla ya yadi 368 na kushinda 36 kwa 22. Ni kweli Stroud hakuwepo, alikuwa anauguza kichwa baada ya kugongwa. Lakini kwotabeki hakabani na kwotabeki mwenzake. Anakabana na safu ya ulinzi ya upande wa pili. Siku 20 hazimzeeshi mtu. Kama umri ungekuwa ndio jibu, mechi ya kwanza nayo angeipoteza.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, na kwa kawaida ana chini ya sekunde tatu za kuamua aupeleke wapi huku majitu ya kilo 120 na zaidi yakimjia. Ni kazi ya macho na akili kabla ya kuwa kazi ya mkono, na ndiyo maana mjadala wa umri kwake ni mgumu kuliko kwa mchezaji mwingine yeyote uwanjani. Mkimbiaji akipoteza mbio zake, amekwisha. Kwotabeki akipoteza mbio bado ana kitu cha kuuza.

Mtazame Peyton Manning katika miaka yake ya Denver. Mpira bado haujachezwa. Anasogea mbele, anamnyooshea beki mmoja kidole, anageuka kumhamisha mkimbiaji wake upande wa pili, anapaza sauti "Omaha! Omaha!", neno lake la ishara, na mabeki wanaanza kutikisika kabla ya wakati, wakifichua walichopanga. Mpira unapomfikia mkononi, jibu tayari analo. Hivyo ndivyo mtu aliyefanyiwa upasuaji wa shingo, akakosa msimu mzima wa 2011, alivyoweza mwaka 2013, akiwa na miaka 37, kurusha pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga mwisho wa uwanja, na yadi 5,477, idadi ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia kabla yake. Kijana wa miaka 22 anaweza kuwa na mkono wenye nguvu mara mbili, lakini maelfu yale ya mashambulizi yaliyohifadhiwa kichwani hayapatikani ila kwa kuyaishi.

Watetezi wa wakongwe wana ushahidi mwingine mzito. Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2000, alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ya saba Februari 2021 akiwa na miaka 43, Tampa Bay ikiifunga Kansas City ya Patrick Mahomes 31 kwa 9. Msimu uliofuata, akiwa na miaka 44, aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316. Aaron Rodgers alikuwa Mchezaji Bora wa Msimu akiwa na miaka 37, kisha tena 38. Kanuni nazo zimewasaidia: Brady alipovunjwa goti Septemba 2008, ligi ilikaza mwaka uliofuata sheria ya kumgonga kwotabeki chini ya magoti, na tangu hapo ulinzi wa kisheria umezidi kuongezeka. Miili iliyokuwa ikimalizwa kwa miaka kumi sasa inaweza kufika kumi na tano.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana nao, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni jinsi uzee unavyoingia. Tunadhani utapiga hodi, mwaka huu pungufu kidogo, mwakani pungufu zaidi, na klabu itapata muda wa kujipanga. Kwa kwotabeki mara nyingi sivyo. Brett Favre msimu wa 2009, akiwa na miaka 40 huko Minnesota, alirusha pasi 33 za tachidauni na saba tu zikanaswa. Msimu wa 2010, timu ileile: tachidauni 11, zilizonaswa 19. Manning mwaka 2014 alikuwa na tachidauni 39. Mwaka 2015 alikuwa na tisa, na pasi 17 zikanaswa. Tarehe 15 Novemba 2015, dhidi ya Kansas City, alivunja rekodi ya Favre ya jumla ya yadi za pasi katika maisha ya mchezaji. Mechi ikasimama, uwanja ukamshangilia. Lakini katika mechi ile nzima, pasi tano tu kati ya 20 zilifika, nne zikanaswa, na kocha akamweka benchi siku hiyohiyo. Iliniuma kuitazama. Akili yake ilikuwa bado inaona kila kitu. Mpira ndio uliokuwa haufiki kwa wakati. Nguvu ya kurusha haianzii begani, inaanzia miguuni, inapanda kiunoni, begani ni kituo cha mwisho tu. Miguu ikikataa, ujuzi wote wa "Omaha" unaishia mikononi mwa adui.

Mtu atanijibu kwamba Manning huyohuyo alinyanyua kombe miezi mitatu baadaye, akiwa na miaka 39. Ndiyo, lakini angalia alivyolinyanyua: katika Super Bowl ile alirusha yadi 141, bila pasi ya tachidauni hata moja. Aliyeshinda ni ulinzi wa Denver, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa Von Miller wa safu hiyo ya ulinzi. John Elway, kwotabeki wa Denver wa zama za nyuma, hali kadhalika. Alipotwaa Super Bowl ya kwanza Januari 1998 akiwa na miaka 37, baada ya kupoteza tatu akiwa kijana mwenye mkono wa bunduki, alirusha yadi 123 tu. Mkimbiaji wake, Terrell Davis, ndiye aliyekimbia yadi 157 na kufunga tachidauni tatu. Elway mzee alipunguziwa mzigo, na hekima yake ilikuwa kukubali kupunguziwa.

Ya pili ni kosa la hesabu. Tukiwapanga makwotabeki wa miaka 38 na kuendelea tunakuta wengi wao ni hodari, tunahitimisha kwamba uzoefu unaleta uhodari. Ni sawa na kwenda kuwapima akili wanaohitimu chuo kikuu, ukasema kukaa shuleni miaka mingi ndiko kulikowapa akili, bila kuwahesabu walioachia njiani darasa la saba. Timu haimbakishi kwotabeki wa miaka 38 kwa huruma. Wale ambao bega lilikataa wakiwa na miaka 33 hawamo kwenye orodha. Brady si mfano wa kinachowatokea wazee; ni mfano wa kilichomtokea Brady.

Basi vijana ndio jibu? Ben Roethlisberger alishinda Super Bowl Februari 2006 akiwa na miaka 23, na Mahomes akiwa na miaka 24 baada ya kukaa msimu wake wa kwanza nyuma ya Alex Smith akijifunza. Lakini siri kubwa ya mafanikio ya vijana, kwa maoni yangu, haiko mkononi wala miguuni. Iko kwenye mshahara.

NFL ina kikomo cha fedha ambazo timu inaweza kuwalipa wachezaji wake wote. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alisaini dola milioni 78 kwa miaka sita kabla hajacheza hata dakika moja. Mwaka 2011 makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yalikata mishahara ya wachezaji wapya, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki kijana aliye hodari ni bidhaa ya thamani kubwa kwa bei ya chini. Russell Wilson alipoiongoza Seattle kuipiga Denver ya Manning 43 kwa 8 Februari 2014, alikuwa na miaka 25 na mshahara wake wa msimu ulikuwa kama nusu milioni ya dola. Nafuu hiyo iliipa Seattle nafasi ya kulipia ulinzi mkali kuliko wote wa wakati ule. Mwaka 2015 Wilson alisaini mkataba mpya wa karibu dola milioni 22 kwa mwaka, na hajarudi Super Bowl tena. Hakuwa amezeeka. Alikuwa amepanda bei.

Na haraka ya kuvuna nafuu hiyo inawaumiza vijana wenyewe. Sam Darnold aliingizwa uwanjani New York akiwa na miaka 21. Oktoba 2019, timu yake ikipigwa 33 kwa 0 na New England, kipaza sauti kilimnasa akisema kwamba anaona mizimu. Watu walicheka sana, nami naona si jambo la kuchekwa: kijana alikuwa anatuambia kwamba hawezi kusoma kilichoko mbele yake. Mwaka 2024, akiwa na miaka 27, alishinda mechi 14 na Minnesota. Mkono ulikuwa uleule.

Kama ningekuwa na timu, ningetafuta mtu wa kati ya miaka 27 na 34, macho yameshafunguka na miguu bado inatii. Mkongwe ningempa mwaka mmoja mmoja, na ulinzi imara nyuma yake. Lakini hata kipimo hiki nakitumia kwa tahadhari, kwa sababu mwili wa kwotabeki huhesabu vipigo kabla ya kuhesabu miaka. Andrew Luck alistaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29 tu, amechoka na majeraha, baadhi ya mashabiki wake wakimzomea alipokuwa akitoka uwanjani.

Alhamisi ya tarehe 16 Oktoba 2025, mjini Cincinnati, Flacco alikuwa na miaka 40. Browns walikuwa wamemweka benchi na kumpa nafasi kijana wa msimu wa kwanza, kisha wakamuuza kwa Bengals siku tisa kabla. Mbele yake alikuwa Aaron Rodgers wa Pittsburgh, mwenye miaka 41. Rodgers alirusha pasi nne za tachidauni. Flacco alirusha tatu na yadi 342, na Bengals wakashinda 33 kwa 31 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Mwenye kiti kile hasa, Joe Burrow, miaka 28, umri ule ambao mimi ningeuchagua, alikuwa nje akiuguza kidole cha mguu.