Waingereza wanapiga kura, sisi tunauza shamba

"Wamelaaniwa hao." Ndivyo alivyosema mzee mmoja Jumamosi, tumekaa chini ya turubai baada ya maziko huku Kibosho, mbege inazunguka. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu habari za Bunge la Uingereza na ule muswada wa mbunge Kim Leadbeater, wa kuruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona asaidiwe kukatisha maisha yake. Basi kila mtu akawa na lake. Wazungu hawana ndugu. Wazungu wanatupa wazazi wao. Sisi Waafrika hatuwezi. Mmoja akamalizia kwa "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", wakaitikia, mbege ikaongezwa.

Nikanyamaza, maana msibani hakugombwi. Sasa niko nyumbani, nagomba.

Kwanza muswada wenyewe unalaaniwa na watu wasioujua. Novemba 2024 wabunge waliupitisha kwa kura 330 dhidi ya 275. Juni 2025 wakaupigia tena, pengo likapungua: 314 kwa 291. Hao si watu waliokurupuka. Mgonjwa anatakiwa awe mtu mzima, anayetarajiwa kufa ndani ya miezi 6, apite kwa madaktari wawili, kisha mbele ya jopo la mwanasheria, daktari wa magonjwa ya akili na ofisa ustawi wa jamii. Dawa anameza mwenyewe. Jamani, jopo la watu watatu kwa mgonjwa mmoja! Huku kwetu unaumwa mpaka unazikwa hujaonana na hata mmoja wa hao.

Na wanaosema mambo haya ni ya Ulaya tu wamesahau Pretoria. Mwaka 2015 wakili Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliiomba mahakama imruhusu asaidiwe kufa. Jaji Fabricius akamkubalia, kumbe mwenyewe alikuwa amekata roho saa chache kabla, kwa ugonjwa wake tu. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi ule. Najua, mtaniambia naye alikuwa Mzungu. Haya.

Msije mkadhani natetea. Sheria hiyo siitaki Tanzania. Ila sababu yangu siyo ile ya chini ya turubai. Sababu yangu ni yule tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Alikuwa na saratani ya umio, ugonjwa ambao ukanda wetu huu unaujua mno. Ulianza ugali kumkwama, ukaja uji, mwisho mate yake mwenyewe. Akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Kikao cha familia kikakaa. Kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, hakuna aliyethubutu kukitaja, likatajwa shamba la mahindi kule chini, tambarare. Mzee alikuwa amelala chumba cha pili, mlango uko wazi. Akaita kwa ile sauti yake iliyokwisha: "Shamba lisiuzwe. Likienda lile, na mimi nikaenda, mama yenu atakula nini?" Watoto wakalia. Wakambembeleza kidogo. Nasema kidogo kwa sababu nilikuwepo, na niliona mabega yalivyoshuka watu walipopumua. Karatasi ya rufaa ikaingia kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, isitoke tena.

Niambieni, huyo alichagua nini? Hakuna aliyempa dawa ya kufa, hakuna jopo lililokaa. Alipiga hesabu akajitoa mwenyewe, na sisi tukaita mapenzi ya Mungu. Halafu kundi la WhatsApp lililokuwa kimya wakati wa nauli likafufuka: jeneza la vioo, video, vitenge vya sare, ng'ombe. Kwa fedha zile mzee angefika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, akalala huko, akarudi na zawadi za wajukuu.

Ndiyo maana naiogopa sheria hiyo ikitua hapa. Oregon, Marekani, sheria yao inafanya kazi tangu 1997, na kila mwaka wanatoa ripoti ya sababu walizotaja wagonjwa. Maumivu hayako juu. Juu kuna kupoteza uhuru wa kujiamulia na kushindwa kufanya yanayompa mtu raha, na hata hofu ya kuwa mzigo kwa familia inatajwa na wengi kuliko maumivu. Huko ni Marekani. Sasa mpe fomu ileile mkulima wa Kibosho mwenye wajukuu shuleni na shamba moja la kuuzwa. Atasaini jogoo hajawika. Atasaini kwa upendo, kwa akili timamu, jopo litamkuta hana kasoro, na watoto wake watapumua vilevile.

Hapo mtetezi wa haki ya kufa ataniuliza: kwa hiyo unamwacha aumie? Swali silipendi, ila ni la haki. Yapo mateso ambayo dawa haiyafikii, na wapo ambao kinachowatesa si maumivu kabisa. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini huwezi kuanza na hao wachache wakati walio wengi wanakufa wakipiga mayowe kwa kukosa mofini, dawa kali ya maumivu.

Mofini nimeiona ikifanya kazi. Muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, alimletea shangazi yangu chupa ya plastiki na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Ni ya maji, chungu kama mwarobaini. Kila baada ya saa nne. Saa ya ukutani tuliishusha tukaiegemeza kwenye meza ya kitanda. Kabla ya hapo alikuwa anauma shuka. Hazikupita siku nyingi akaomba aogeshwe, akaanza kumsema mkwe wake kwamba mtori umezidi chumvi. Tulifurahi hadi mkwe mwenyewe akacheka. Kisha akatokea ndugu mmoja, mtu wa sala sana, akataka kuimwaga chupa: "Hiyo ndiyo ya kumalizia." Papa Pius wa 12 aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mgonjwa anaweza kupewa dawa ya kutuliza maumivu hata kama itafupisha maisha, mradi nia ni kutuliza. Inakaribia miaka 70, habari haijafika kwenye jumuiya yetu.

Wala si ujinga wa wanakijiji tu. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya karibu tani 300 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Makombo. Waganda walau waliamka mapema: tangu 2004 sheria yao inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba shufaa kuandika mofini, asisubiri daktari ambaye hayupo.

Sisi tunachojua ni jela. Kumsaidia mtu kujiua ni kosa zito, sawa. Lakini hata anayejaribu akanusurika naye ni mhalifu, ilhali Kenya, Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alishasema kifungu chao cha namna hiyo kinavunja katiba.

Kwa hiyo mkitaka kuwalaani Waingereza, laanini. Ila wiki hii kwenye jumuiya, kabla hamjafungua rozari, mtu aulize nani ameandikiwa rufaa na hajaenda. Mimi nawajua wawili. Mchango wa kwanza natoa mimi, na msinijibu kwa vile vikatuni vya mikono ya sala.